Mwandiko wa Gidioni

Mwalimu Zita hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili, na kwa maelezo yake mwenyewe, hata ile mara ya kwanza alikuwa amejiachia tu. Miaka ishirini na mitatu ya kusimamia taaluma katika Chuo cha Wananchi Masaleni, chini kidogo ya njia panda ya Himo, ilikuwa imemfundisha kunusa. Alinusa barua ya mgonjwa iliyoandikwa na mgonjwa mwenyewe. Alimnusa bibi aliyefariki mara tatu katika muhula mmoja. Wanafunzi walisema ukimpelekea maji ya kunywa atakuuliza umeyachota wapi, na wala hawakumsingizia.

Kwa hiyo Jumanne ile ya Julai, alipoketi ofisini na kazi kumi na nne za nyumbani za mwanafunzi mmoja zikiwa zimetandazwa mezani, hukumu alikuwa ameshaitoa. Alichokosa ni ushahidi tu.

Mwanafunzi mwenyewe aliitwa Gidioni Lyimo, mtu wa Marangu, mpagazi wa mlimani, umri wake miaka thelathini na sita. Hapo hapakuwa na ajabu. Masaleni ilijengwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo: walioishia kidato cha nne kwa alama za kuokoteza, waliozaa mapema, waliotangulia kubeba mizigo kwanza wakaikumbuka kalamu baadaye. Unasoma mwaka mmoja, unapata astashahada ya kilimo na mifugo. Ukifanya vizuri unaendelea na stashahada, na Mungu akikujalia unafika shahada, ukaketi dawati moja na mtoto wa wakubwa ambaye hajawahi kukosa mwalimu wala taa. Zita aliipenda ngazi hiyo kuliko alivyopenda kwaya ya parokia yao, na kwaya aliipenda sana. Ndiyo maana alikuwa mkali. Ngazi ya mnyonge ikivunjika kipago kimoja, fundi wa kuitengeneza haonekani.

Mwaka huo chuo kikubwa kimoja cha kilimo kilikuwa kimekubali, kwa mara ya kwanza, kumpokea mwanafunzi mmoja wa Masaleni moja kwa moja kwenye stashahada, tena kwa gharama zao. Mmoja tu, kwa majaribio. Jina lilitakiwa kufika Ijumaa, na chini yake sahihi ya Zita ikithibitisha kwamba kazi zote ni za mwombaji mwenyewe. Likienda jina la tapeli, na tapeli akaumbuka huko mbele, mlango ungefungwa kwa wote watakaofuata. Na kwa alama za kazi za nyumbani, jina lililoongoza lilikuwa la Gidioni.

Alama zenyewe zilimkera. Kazi za nyumbani: tisini na mbili, tisini na tano, themanini na tisa. Majaribio ya darasani: arobaini na moja, thelathini na nane. Mtu gani huyo, mwerevu akiwa kwake, mjinga akifika shule? Halafu mwandiko. Darasani Gidioni aliandika herufi kubwa zilizoachana, kila moja na nafasi yake, kama anayepanda migomba. Kazi za nyumbani zilikuja na mwandiko mdogo uliolalia kulia, msafi, na juu ya karatasi hapakuwa na jina, ni namba ya usajili peke yake. Alipoulizwa, Gidioni alijibu kwamba nyumbani anaandika bila haraka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Gidioni iliishia Jumatatu. Siku hiyo kijana wa bodaboda alileta kazi yake iliyoandikwa tarehe ya Jumapili. Jumapili hiyo Gidioni alikuwa mlimani, siku ya tatu ya safari ya siku sita, kwa ruhusa aliyoiomba yeye mwenyewe kwa Zita. Mtu hawezi kuwa kambini na mzigo wa kilo ishirini, na wakati huohuo awe mezani anachora mchoro wa kwato la ng'ombe.

Lakini lililomkaa rohoni zaidi lilikuwa jambo jingine. Wiki moja kabla, alimwita Gidioni kumpa habari kwamba jina lake liko juu. Mwingine angeruka. Gidioni aliinamisha kichwa, akazungusha kofia mikononi, kisha akauliza, "Mwalimu, hivi jina likishaandikwa, haliwezi kubadilishwa likawa la mtu mwingine?"

"Mtu mwingine nani?"

"Basi tu, mwalimu. Nimeuliza."

Hakuna mtu anayeuliza hivyo basi tu. Zita aliona jambo lote mbele yake: nafasi imeshapata mnunuzi, na huyu anatafuta namna ya kuikabidhi.

Alipopeleka shaka yake kwa mkuu wa chuo, Mzee Aminieli, mzee alivua miwani akacheka. "Mwalimu Zita, unatafuta chawa kwenye kipara. Mtu amefaulu, peleka jina."

"Hiki kipara kina nywele za mtu mwingine, mkuu," Zita akajibu, akabeba karatasi zake akaondoka.

Alianzia alipojua kunaanzia maovu yote ya wanafunzi, yaani duka la kuchapa na kutoa nakala kule Soweto, mjini Moshi. Mwenye duka, kijana aitwaye Jesse, alikuwa na sifa ya kumwandikia mtu kazi yoyote ya chuo huku mwenyewe anakunywa soda. Zita aliweka karatasi mbele yake bila salamu ndefu.

Jesse aliziangalia, akazigeuza, akamrudishia. "Madam, nitakuwa mkweli kwako. Sisi hapa tunataipu. Hii ni ya mkono. Siku hizi nani anaandika kwa mkono? Huyu mtu wako ni wa kizamani." Kisha akaivuta tena moja, akasoma mistari kadhaa. "Halafu mimi ningekuandikia dalili tano, a mpaka e. Huyu anaeleza kabisa. Huyu anamjua ng'ombe."

Zita aliketi kwenye benchi la nje ya duka akaisoma ile karatasi upya, safari hii bila kalamu nyekundu. Swali lilihusu dalili za mwanzo za ugonjwa wa kiwele. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba kabla maziwa hayajabadilika rangi, ng'ombe mwenyewe hubadilika. Husogeza mguu wa upande unaomuuma mara mkono unapoikaribia chuchu, hata kama mkono ni uleule anaouzoea asubuhi na jioni. Na anayemkamua, akiegemeza paji la uso ubavuni, husikia ngozi ikimtetemeka kidogo kabla ya yote.

Zita alizaliwa Kibosho, amekulia nyuma ya zizi. Baba yake alijua kahawa, alijua mipaka, alijua kesi za ukoo hadi za miaka ya Wajerumani. Kiwele hakukigusa hadi anakwenda kaburini. Mwanaume wa milimani akibanwa sana atakata majani. Kukamua anamwachia mama. Aliyeandika maneno haya alikuwa ameegemeza paji lake la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Alikuwa mwanamke.

Kwa mtu mwenye roho safi, wazo la pili lingekuwa jema. Zita wazo lake la pili lilikuwa hawara. Alishampata kabisa, bwana shamba wa kike mwenye elimu yake, amepangishiwa chumba huko Himo, anamwandikia mpenzi kazi huku mke wa ndoa anahangaika na watoto kule juu. Alimhurumia huyo mke. Aliamua kwenda kwake, amkute peke yake kabla mume hajashuka mlimani, amwonyeshe mwandiko, na mke atautambua au atautafuta. Hasira ya mwanamke aliyedanganywa ni shahidi mzuri.

Jumatano mchana bodaboda ilimpandisha kutoka Marangu Mtoni kupitia njia ya udongo mwekundu, ikamwacha kwenye uchochoro kati ya kuta mbili za masale, mimea ya mipaka. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vikonyo vya migomba. Mfereji ulipita pembeni ukiimba, na nyuma ya nyumba ndogo ya matofali alisikia mtu anaongea na ng'ombe.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mtoto amefungwa mgongoni. Alipomwona mgeni aliweka chini ndoo, akapangusa mikono kwenye khanga.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Mwalimu Zita, natoka Masaleni. Wewe ni mama mwenye nyumba?"

Uso wa yule mwanamke ulifunguka. Zita alikuwa amejiandaa kwa uso wa hofu, wa aibu, hata wa ukali. Furaha hakuitarajia, na mara moja akaitilia shaka.

"Karibu, mwalimu. Mimi ni Evelyn. Nilijua siku moja mtakuja mnione," akasema, huku anatafuta kigoda kwa macho. "Umeniletea namba ya mtihani?"

"Namba ya mtihani ya nani?"

"Yangu. Gidioni anasema mtihani ni Agosti, na kila nikimuuliza namba anasema bado. Nikawa nasema labda sisi tunaosomea nyumbani tunapewa mwisho. Usajili wangu ni sifuri arobaini na saba."

Ilikuwa namba ya Gidioni. Zita alikaa kwenye kigoda kabla hajakaribishwa. Mtego gani huu, alijiuliza. Wamepanga pamoja mume na mke, wamefundishana la kusema. Akaomba kuona daftari.

Evelyn aliingia ndani akatoka na madaftari manne yaliyofunikwa kwa magazeti. Mwandiko mdogo, umelalia kulia, ukurasa hadi ukurasa. Kulikuwa na michoro ya mizizi ya mgomba iliyoliwa na fukusi, kulikuwa na orodha ya siku alizomlisha ng'ombe majani ya aina mbili na maziwa yaliyotoka kila siku. Hakuna mtu anayetunga daftari la miezi kumi kwa ajili ya mgeni ambaye hakutoa taarifa.

"Nieleze," Zita akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nieleze ulivyojiunga."

"Si ulikuwepo, mwalimu? Fomu nilijaza mwenyewe mwezi wa nane, Gidioni akaileta. Mkaniita kwenye usaili Septemba. Usaili ukanikuta nina siku nane za uzazi. Mama mkwe wangu asingekubali, na hata mimi nisingethubutu, kuteremka Himo na mtoto wa siku nane. Uzazi wetu huku unaujua, miezi mitatu hutoki, unakula mtori wa ndizi na mlaso wa damu, unakaa na mwanao. Nikamtuma Gidioni aje awaeleze. Akarudi jioni akaniambia mmenichukua. Kwamba mmesema nisomee nyumbani, yeye akae darasani badala yangu aniletee masomo, na kazi niandike mimi kwa namba tu. Nilipotoka uzazini nikamwambia sasa nishuke mwenyewe. Akasema utaratibu ukishaanza hivyo unamalizika hivyo." Akacheka kidogo. "Nilishangaa. Lakini chuo cha wananchi, nikasema, labda ndivyo kinavyotufikiria sisi."

Zita hakucheka. Alikuwa ameikumbuka Alhamisi ile ya usaili, na aliikumbuka kwa ukamilifu usiompendeza. Mwanaume amesimama mlangoni na kofia mkononi, anasema mke wake yuko uzazini. Yeye Zita, mwenye watoto wawili waliozaliwa mjini na msichana wa kazi wa kumsaidia, amejibu kwamba chuo hakisubiri uzazi wa mtu. Amefungua orodha, na mbele ya jina la mwanamke ameandika kwa kalamu nyekundu: Hakufika. Kisha akahesabu viti, akakuta wamekuwa ishirini na tisa, na wizara ilitaka thelathini. Ndipo alipomtazama yule mwanaume upya. Na wewe unacho cheti cha kidato cha nne? Ninacho, lakini mwalimu, mimi sikuja kwa ajili— Basi kaa ujaze fomu, kiti kikipotea mmekipoteza wote.

Muda wote huo alikuwa anamtafuta aliyeleta uongo darasani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatua zilisikika kwenye uchochoro. Gidioni aliingia uani na begi mgongoni, viatu vimejaa matope ya mlimani, uso umebabuka kwa baridi. Alipomwona Zita alisimama. Akamtazama mke wake, akamtazama tena mwalimu. Kwa macho aliomba. Zita aliliona ombi hilo wazi kabisa, na alielewa anaombwa nini.

Mtoto alianza kulia. Evelyn alimshusha mgongoni akamweka titini, huku bado anamtazama mwalimu kwa tabasamu la mtu anayengoja jibu dogo. Ingekuwa rahisi. Angesema tu kwamba namba zitakuja wiki ijayo, akashuka zake Himo, akalirekebisha jambo kimyakimya au akaliacha life. Mwanamke ananyonyesha, nani anamtwisha habari mbaya mwanamke anayenyonyesha? Zita aliuona uongo huo ukija ulimini mwake ukiwa mtamu, umevaa heshima, na akajionea aibu.

"Mama," akasema, "jina lako halimo kwenye usajili. Sifuri arobaini na saba ni Gidioni. Chuo hakijawahi kukusajili."

Mtoto aliendelea kunyonya. Evelyn hakutikisika.

"Halimo popote?"

"Limo kwenye orodha ya usaili. Pameandikwa hakufika."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Evelyn alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu. Kisha akamgeukia mumewe, na Gidioni akaanza kusema kabla hajaulizwa. "Nilikukuta unakunywa mtori, mama amekaa mlangoni. Mzazi haambiwi neno la kumkausha maziwa. Nikasema nitakwambia uzazi ukiisha. Ukaisha, na wewe umeshapata tisini na mbili. Ningekwambiaje, mama Elisifa? Nilimuuliza mwalimu kama jina linabadilishwa. Muulize."

"Aliuliza," Zita akasema. "Nikamdhania mwizi."

"Kila ukileta karatasi ulikuwa unanipa mkono," Evelyn akamwambia mumewe. "Unasema hongera. Ulikuwa unampongeza nani?"

Gidioni alivua begi akaliweka chini, akabaki amesimama kama mgeni kwenye uwanja wa baba yake.

Zita alijua bado hajamaliza, na alitaka amalize akiwa hapo hapo. Alieleza habari ya nafasi ya stashahada, ambayo Evelyn alikuwa hajaisikia kabisa, na alipokuwa anaeleza aliona jinsi habari hiyo ilivyomwingia yule mwanamke zaidi ya ile ya kwanza. "Ijumaa jina la Gidioni halitakwenda," akasema. "Na lako siwezi kulipeleka, maana kwa karatasi hujasoma. Nafasi itakwenda kwa anayefuata. Hiyo ilikuwa nafasi yako, na aliyekupotezea wa kwanza ni mimi."

"Anayefuata ni nani?"

"Binti mmoja wa Himo, Loveness. Ana sabini na tatu."

"Kazi zake ni zake kweli?"

"Ni zake."

"Basi apewe," Evelyn akasema. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke hadi kidevuni, hakuyafuta. Alimtoa mtoto titini, akafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja.

"Usaili wa mwaka huu ni Septemba," Zita akasema. "Nitakuandikia mwaliko."

"Septemba naweza kuugua. Ng'ombe anaweza kuzaa. Mvua inaweza kukata njia." Evelyn alisimama. "Umeshafika kwangu, mwalimu. Yale maswali uliyokuwa unataka kuniuliza siku ile, niulize sasa."

Zita alifikiria taratibu za chuo, na kamati ya watu watatu, na Mzee Aminieli na miwani yake. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi nyeupe, akaandika juu tarehe na jina kamili, Evelyn Lyimo. Swali la kwanza la usaili wa Masaleni halijawahi kubadilika kwa miaka ishirini na mitatu.

"Kwa nini unataka kusoma?"

"Huyu, mwalimu," Gidioni akadakia, kwa sauti ya mtu anayetaka kurekebisha, "huyu tangu nimemuoa amekuwa akisema kwamba—"

"Baba Elisifa," Evelyn akasema. "Nimeulizwa mimi."

Akampakatisha mumewe mtoto. Akavuta kigoda cha pili hadi mbele ya Zita, akakaa, akaanza kujibu.